Mwongozo kamili: kusaidia watoto na familia zinazoishi na VVU hapo hapo mtaani kwako

Naandika hii kwa ajili ya dada au kaka ambaye mkutano wa kijiji umemchagua awe mhudumu wa jamii, au kile kikundi cha kina mama wa jumuiya ambao wamekaa wakasema jamani wale watoto wa pale kwa bibi tunawasaidiaje, na hawajui waanzie wapi. Nitatumia sana mfano wa mkoa wa Njombe, kusini mwa Tanzania, maana huku ndo nakujua na huku ndo mzigo ni mkubwa. Ule utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulikuta VVU kwa watu wazima nchi nzima ni asilimia 4.4 lakini Njombe ni 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6. Yani ukishuka Makambako stendi ukatembea mtaa mmoja tu umeshapita nyumba kadhaa zenye mtu anayekunywa dawa, na nyumba hizo zina watoto.

Kitu kimoja kishike kabla ya hatua zote. Dawa za kufubaza makali ya VVU zipo vituoni na ni bure, lakini kati ya dirisha la dawa na mdomo wa mtoto kuna watu wengi na mambo mengi, bibi haoni vizuri, nauli hakuna, baba mdogo haijui siri, mwalimu hatoi ruhusa, jirani ana maneno. Mtoto anapotelea hapo katikati. Kazi yako wewe ni hapo katikati, blanketi na madaftari ni vitu vizuri sana ila visikufanye ukasahau hapo.

HATUA YA 1: Pita serikali ya mtaa kwanza

Usianze kuingia kwenye nyumba za watu kwa sababu tu una moyo mzuri. Nenda kwa mtendaji na mwenyekiti, waeleze unachotaka kufanya, upewe barua ya utambulisho. Ulizia Kamati ya Ulinzi wa Wanawake na Watoto ya hapo inakutana lini. Hizi kamati zimekuja na MTAKUWWA, ule mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, ulioanza 2017/18 na zinatakiwa ziwepo kuanzia kijiji mpaka halmashauri, kuna sehemu zipo hai na kuna sehemu zipo kwenye karatasi tu, kama yenu imelala kaa na mtendaji muiamshe maana wajumbe wake ni watu wa hapo hapo mnaofahamiana.

Alafu mtafute Afisa Ustawi wa Jamii, wa kata kama yupo, kama hayupo basi wa halmashauri, na namba yake uwe nayo muda wote. Huyu ana nguvu za kisheria ambazo wewe huna, Sheria ya Mtoto ya 2009 inamruhusu kuingilia pale mtoto yupo hatarini, kumhamishia kwa mlezi mwingine na kadhalika. Wewe unaona na kumwambia, yeye anaamua.

Tatu ni kituo cha afya, na hapa wengi wanakosea sana. Usiende CTC, ile kliniki ya matunzo na tiba ya wenye VVU, ukamwambia nesi nipe orodha ya watoto wenye VVU wa mtaa wetu. Hatakupa, na akikupa amevunja sheria, ile Sheria ya Ukimwi ya 2008 inalinda siri ya majibu ya mtu. Mwombe hivi: sista, ukipata mama au mlezi anayehitaji mtu wa kumtembelea nyumbani muulize kama yuko tayari, akikubali mpe namba yangu au niite nije tukutane hapa hapa kituoni. Hapo mlezi ndo anachagua. Mtu aliyechagua mwenyewe anakufungulia mlango, aliyechaguliwa na wengine anajificha chumbani anakwambia kupitia mtoto kwamba mama hayupo.

HATUA YA 2: Zichague nyumba bila kuzichafua

Serikali inatumia jina "watoto walio katika mazingira hatarishi" na mi nakushauri ulitumie hilo hilo, usije hata siku moja ukasema "watoto wa ukimwi", hata mkiwa wawili tu jikoni. Jina likishamshika mtoto linamfuata mpaka shuleni.

Katika orodha yako weka bibi anayelea wajukuu peke yake, mama anayeumwa umwa na hana mtu, watoto wanaoishi wenyewe mkubwa ana miaka 15, mtoto aliyeacha shule ghafla, mtoto mwenye ulemavu anayefungiwa ndani. Nyingine zitakuwa na VVU, nyingine hapana, na hivo ndo inavotakiwa. Ukizungukia nyumba zenye VVU peke yake ndani ya mwezi mmoja kijiji kizima kitakuwa kimeshaelewa kwamba ukionekana kwa fulani basi pale kuna mgonjwa, lakini ukipita na kwa mama mwenye mtoto wa kifafa na kwa mjane anayegombania kiwanja, hakuna atakayejua umemfuata nani kwa ajili ya nini. Kwa sababu hiyo hiyo begi lako lisiwe na utepe mwekundu wala maandishi ya mradi wowote, na tisheti ya kampeni ivae siku ya kampeni tu.

Idadi usiwe na tamaa. Mtu mmoja anayelima na ana familia yake akichukua nyumba 10 mpaka 15 anazifikia vizuri, akichukua 40 anakuwa anapiga hodi na kuondoka.

HATUA YA 3: Siku ya kwanza nyumbani

Nenda muda ambao mlezi yupo na hana pilika nyingi. Huku Njombe asubuhi watu wako shamba au kwenye mashamba ya chai, kwaio jioni kuanzia saa kumi. Salimia kama mtoto wa watu, shikamoo bibi, ukijua lugha ongeza kamwene, kaa pale ulipoonyeshwa hata kama ni kigoda karibu na moshi, na kama bibi anapukuchua mahindi vuta gunzi nawe upukuchue. Fomu iache kwenye begi.

Maongezi yenyewe yanaweza kwenda hivi:

"Bibi tunazungukia nyumba zenye watoto kwa niaba ya mtaa, tuone wanaendeleaje."

"Mnagawa nini?"

"Leo sina cha kugawa bibi. Nimekuja kuwajua. Kama kuna kitu kinawasumbua tutaangalia pamoja pa kukipeleka."

Ni jibu gumu kulitoa, ila litoe. Ukiahidi sare, godoro au mbuzi siku ya kwanza utaishi na deni hilo, na bibi ataacha kukwambia ukweli ataanza kukwambia kile anachoona kitamletea godoro.

Wakati mnaongea macho yafanye kazi. Watoto wamelala wangapi kwenye blanketi moja, huku Juni na Julai baridi sio mchezo. Nani anakohoa. Nani yuko nyumbani saa za shule. Uliza "jana usiku mlikula nini na asubuhi je" usiulize "mnakula milo mingapi" maana kwa milo kila mtu atasema mitatu. Omba kadi ya kliniki ya mtoto mdogo uangalie ule mstari wa uzito, unapanda au umelala. Kama kuna mtu anakohoa, mkubwa au mdogo, mpe rufaa akapimwe kifua kikuu, VVU na TB zinatembea pamoja, na mtoto mdogo TB anaipata kwa mtu mzima anayelala naye chumba kimoja.

Swali la kupima VVU lisitoke siku hiyo kama hujaona mlango. Ukija kulisema, liseme kwa watoto wote kwa pamoja. Kanuni ni nyepesi: kama mama anakunywa dawa au amefariki na ugonjwa haukujulikana vizuri, watoto wake wote aliowazaa wapimwe, hata yule wa miaka 11 anayecheza mpira na hajawahi kulazwa. Kuna watoto wanazaliwa na VVU wanafika umri huo bila kuonyesha chochote kikubwa, utasikia tu upele hauishi, masikio yanatoa usaha, hakui kama wenzake. Chini ya miaka 15 mzazi au mlezi ndo anayeridhia kupima, kuanzia 15 kijana anaweza kuridhia mwenyewe tangu sheria irekebishwe 2019.

HATUA YA 4: Dawa, hapa ndo ukae sana

Tuanze na mtoto mchanga wa mama mwenye VVU. Mama akiwa kwenye dawa na wingi wa virusi umeshuka, uwezekano wa kumwambukiza mtoto ni mdogo sana, kwaio anayetakiwa kushikwa mkono kwanza ni mama mwenyewe. Mtoto akizaliwa anapewa nevirapini ya maji mpaka wiki 6, na yule ambaye hatari yake ni kubwa kituo kinamuongezea. Wiki ya 4 mpaka 6 anachukuliwa kipimo cha tone la damu kisiginoni, anaanza na Septrini, dawa ya kumkinga na magonjwa nyemelezi, alafu kipimo kinarudiwa miezi 9, na cha mwisho ni miezi 18 au baada ya kuacha kunyonya. Kazi yako ni kuhakikisha hizi tarehe hazipiti. Mama wengi wakisikia cha kwanza hakina virusi wanashukuru Mungu na hawarudi tena, wakati mtoto bado ananyonya. Mtoto aliyeambukizwa asipopata tiba hali yake inaenda mbio, karibu nusu yao wanafariki kabla ya kutimiza miaka miwili, kwaio wiki moja ya kuchelewa hapa sio jambo dogo.

Na tafadhali usimwambie mama aache kunyonyesha. Maziwa ya mama matupu miezi 6, bila maji bila uji, huku mama anakunywa dawa zake. Kuchanganya changanya mapema ndo kunamuumiza mtoto.

Mtoto ambaye tayari ana VVU saivi anapewa dolutegravir ya watoto, kidonge kidogo cha miligramu 10 kinachoyeyuka kwenye maji, kina ladha tamu, pamoja na dawa zingine alizoandikiwa. Zamani ilikuwa vita kila jioni kwa zile dawa chungu za maji, hii imesaidia walezi sana. Sasa sikiliza hapa: dozi ya mtoto inaenda na uzito. Kama bibi anatuma mtu mwingine kuchukua dawa na mtoto mwenyewe hapelekwi kupimwa uzito, mtoto anakua ila dozi imebaki ya mwaka jana, na dawa kidogo inawafundisha virusi kuizoea. Akifika kama kilo 30 anahamia kwenye kidonge kimoja cha kama wakubwa. Muulize mlezi "mara ya mwisho mtoto alipanda mzani lini", swali dogo ila lina maana kubwa.

Muda wa kunywa usimwambie bibi asiye na saa "saa mbili kamili". Muulize kila siku saa hizo huwa anasikia nini. Taarifa ya habari ya redio, adhana, kengele ya kanisa, ng'ombe kurudi zizini. Dawa ifungwe kwenye kitu hicho.

Kuhusu chakula, watu wengi wanaruka dozi wanasema dawa hizi haziendi na njaa. Dolutegravir inaweza kunyweka umekula au hujala, mwambie mlezi kwa maneno hayo hayo, alafu njaa yenyewe uishughulikie kama jambo la pili, lisiwe sababu ya kuacha dozi.

Kopo nalo lina kesi yake. Vidonge vinagonga gonga ndani ya kopo la plastiki, ukilibeba kwenye begi kila mtu kwenye daladala anasikia, kwaio watu wanamwaga vidonge kwenye kipande cha kanga au kimfuko cha nailoni, vinapata unyevu vinaharibika, na wanachanganya za mtoto na za mama. Mshauri aweke pamba safi juu ya vidonge ndani ya kopo lile lile. Kelele inaisha. Lebo kama inamtia hofu aongee na mfamasia, asiibandue mwenyewe akasahau ni ipi ya nani. Na mahali pa kuweka kopo ndani pawe pakavu, mbali na jiko na mbali na mikono ya mdogo anayetambaa.

Wingi wa virusi ndo mtihani wa yote haya. Mlezi ajue namba ya mtoto kama anavojua jina lake. Chini ya 50, yani nakala za virusi kwenye mililita moja ya damu, ni vizuri sana. Ikiwa 1,000 na zaidi mtoto anaitwa kwa ushauri wa ufuasi wa dawa kwa mfululizo kisha anapimwa tena, na huo ndo wakati wa wewe kuwa karibu na nyumba ile, nenda mara kwa mara, ujue nini kimebadilika. Mara nyingi kitu kimebadilika. Bibi amelazwa, mama kaolewa na mume hajui, mtoto kahamia kwa shangazi. Usiende kama polisi kuhesabu vidonge, keti uulize "siku gani huwa ngumu" utaambiwa.

Mtu aliyeacha dawa wanamwita mtoro, neno hilo liache ofisini. Ukimfuata nyumbani mwambie tumekukumbuka kliniki, dawa zako zipo, tunaenda lini. Kama anaogopa kugombezwa muombe mmoja wa wale WAVIU washauri wa kituoni, yani watu wanaoishi na VVU wanaoshauri wenzao, amsindikize, wao wameshapita njia hiyo hiyo na neno lao lina uzito kuliko langu na lako.

HATUA YA 5: Mtoto ataambiwaje

Sio wewe wa kumwambia. Ni mzazi au mlezi, akiwa na nesi au mshauri, na wewe kazi yako ni kumsukuma mlezi taratibu asilale nayo mpaka mtoto awe kijana.

Swali huwa linaanzia kwa mtoto mwenyewe, bibi mbona mi nakunywa dawa kila siku na kaka hanywi. Akiwa na miaka 5 au 6 inatosha kumwambia kuna mdudu kwenye damu na dawa inawapa nguvu askari wa mwili wanaomzuia. Huo ni ukweli wa umri wake. Akikua unaongezwa, na kufikia miaka 10 mpaka 12 awe ameshajua jina la ugonjwa, ameupataje, na kwamba hajakosa kitu chochote. Uongo wa "hii ni dawa ya kifua" una mwisho wake, mtoto atakuja kusoma lebo, au atakaa darasani mwalimu anafundisha Ukimwi ataunganisha mwenyewe, peke yake, mbele ya wenzake arobaini. Wakijua kwa njia hiyo wengi wanazitupa dawa chooni kwa hasira.

Walezi wanachoogopa ni kwamba mtoto atatangaza, na hofu hiyo ni ya kweli usiidharau. Jibu lake ni kumpa mtoto orodha ya watu anaoweza kuongea nao, bibi, nesi fulani, mama mkubwa, basi. Na klabu ya watoto pale CTC, vituo vingi wanakutana Jumamosi, wanacheza, wanakula, wanachukua dawa, na mtoto anaona kumbe tupo wengi. Kama kuna kitu kimoja cha kulipia nauli basi lipia hicho.

Kijana wa bweni anataka mpango wake kabla shule haijafunguliwa. Kituo kinaweza kumpa dawa za miezi kadhaa kwa mkupuo, matroni au patroni mmoja tu aambiwe, kwa ridhaa ya kijana, na wakubaliane zitakaa wapi.

HATUA YA 6: Chakula, shule na makaratasi

Njombe tuna chakula, hilo linajulikana, viazi, mahindi, maharage, maziwa, parachichi. Lakini utafiti wa afya wa 2022 ulikuta watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa Njombe ni asilimia 50.4. Chakula kipo shambani na sokoni, mtoto anakula ugali au viazi vitupu mara mbili kwa siku kwa sababu mama katoka alfajiri na amerudi jioni. Usianze na semina ya makundi ya vyakula. Angalia hapo nyumbani kuna nini. Kuna kuku wawili, basi mayai mawili kwa wiki ni ya mtoto sio ya kuuza. Kuna parachichi zinaoza chini ya mti, ponda mtie kwenye uji au ale na kijiko. Unga wa lishe tengenezeni kwa nafaka moja na karanga au maharage, karanga zenye ukungu zitupeni maana zina sumukuvu, kusaga nafaka saba pamoja hakumuongezei mtoto chochote.

Jifunze kutumia ule utepe wa kupima mkono, mhudumu wa afya atakufundisha kwa dakika kumi. Mtoto wa miezi 6 mpaka 59 ukisoma chini ya sentimita 11.5, rangi nyekundu, ni kituoni siku hiyo hiyo. Njano, 11.5 mpaka 12.5, apelekwe wiki hiyo.

Shule ada hakuna tangu 2016 lakini sare, madaftari, viatu na mchango wa chakula vinawatoa watoto darasani. Nenda kwa mwalimu mkuu na mlezi, msiende mikono mitupu kimaelezo, semeni mtoto huyu analelewa na bibi, mchango tutautoa kwa mahindi debe fulani baada ya mavuno. Wengi wanaelewa. Habari ya VVU haimhusu mwalimu, anachohitaji kujua ni kwamba tarehe fulani mtoto ana kliniki.

Cheti cha kuzaliwa fuatilia mapema. Wa chini ya miaka mitano, mikoa yenye ule mpango wa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, ulioanzia Mbeya 2013 wanasajiliwa bure ofisi ya kata au kituo cha afya. Wakubwa wanaenda ofisi ya wilaya na inachukua muda, kusanya kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, barua ya mtendaji, chochote kinachoonyesha amezaliwa lini na nani.

Mirathi nayo. Baba akifa, kabla arobaini haijaisha utasikia ndugu wameanza kupima shamba, na tangu parachichi ilete hela ardhi huku imekuwa vita. Mama apate cheti cha kifo, kikao cha ukoo kikae na muhtasari uandikwe na kusainiwa, ifunguliwe mirathi mahakama ya mwanzo. Asisaini karatasi yoyote anayoletewa msibani. Mtafutieni msaidizi wa kisheria, halmashauri nyingi wapo na huduma yao haina malipo. Na mzazi ambaye bado yupo hai, mshauri aandike wosia leo akiwa na nguvu zake, watoto wake watajua cha kwao kiko wapi.

HATUA YA 7: Hela ya nyumbani

Nauli ya kliniki ndo inayoua ratiba. Kikundi cha hisa kinasaidia kuliko zawadi, kina mama 15 mpaka 30, kila wiki hisa na kidogo cha mfuko wa jamii, na mfuko wa jamii uwekewe kanuni kwamba nauli ya hospitali inatoka bila riba. Kikundi kiwe cha mchanganyiko, kisiitwe cha wagonjwa. Kama kaya ni maskini kabisa hakikisha wakati TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, wanatambua kaya mlezi yuko kwenye mkutano na jina lake limetajwa, wewe huna uwezo wa kumwingiza lakini una uwezo wa kumkumbusha tarehe na kumshikia mtoto.

Mwambie pia akae mbali na mikopo ya kausha damu, ile ya mtaani yenye riba kubwa. Nimeona godoro la mtoto likibebwa na wakusanya madeni, kwa mkopo ambao ulianza kama hela ya mbolea ya viazi.

HATUA YA 8: Mtoto akiumizwa

Mtoto aliyepoteza wazazi anapigwa zaidi, anatumikishwa zaidi, na wa kike anaandamwa zaidi. Ukiona amebadilika ghafla, anaogopa mtu fulani, haendi shule, ana michubuko, usimhoji kama hakimu. Msikilize, mwambie umefanya vizuri kuniambia, usimuahidi kwamba hutamwambia mtu, na siku hiyo hiyo mpigie Afisa Ustawi, au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au simu ya bure ya mtoto namba 116.

Kama ni kubakwa au kulawitiwa, kituo cha afya kwanza, haraka iwezekanavyo na isizidi saa 72, kuna dawa za kuzuia maambukizi ya VVU na nje ya muda huo hazisaidii tena. Asiogeshwe, nguo zisifuliwe, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Hospitali zingine zina kituo cha Mkono kwa Mkono ambapo daktari, polisi na ustawi wako sehemu moja. Na wakija wazee kusema tumalizane kifamilia, mbuzi na laki mbili, kataa. Kataa hata kama mkosaji ni mtu mkubwa kanisani. Sheria inamtaka kila mwanajamii anayejua mtoto anaumizwa atoe taarifa.

HATUA YA 9: Daftari, simu na picha

Kila nyumba ipe namba, na jina la mlezi pamoja na namba ya nyumba yake vikae kwenye karatasi moja inayofungiwa mbali na daftari la kutembelea. Kwenye daftari andika "nyumba 7, tarehe ya kliniki 14, mzani umepanda, viatu" inatosha. Usiandike VVU mahali popote, usitume jina la mtoto kwenye grupu la WhatsApp hata la wahudumu wenyewe. Na picha hapana. Mtoto ameshika paketi ya unga anatabasamu mbele ya bango, picha hiyo itakuwepo kwenye simu za watu akiwa na miaka 20 anatafuta mchumba. Mfadhili akitaka ushahidi mpe risiti na saini ya mtendaji.

HATUA YA 10: Mradi ukifungwa

Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada, posho za wahudumu wengi zilikatika kwa ghafla na kuna nyumba hazikupigiwa hodi tena. Jipange kana kwamba itatokea tena. Kila nyumba iwe na mtu wa pili anayeijua ratiba ya dawa, ndugu au jirani aliyechaguliwa na familia yenyewe. Mlezi awe na namba ya nesi yeye mwenyewe, asiwe anapitia kwako. Kikundi cha hisa kiwe na daftari lake na viongozi wake. Kama huna posho punguza nyumba, baki na zile za watoto wadogo na wenye wingi wa virusi uliopanda, zingine mkabidhiane na kamati kwa maandishi.

Na nyumba ikisimama ifunge. Inasimama pale ambapo wote wenye VVU wako kwenye dawa na virusi vimeshuka, watoto waliotakiwa kupimwa wamepimwa, wako shule, hakuna anayeumizwa, na mlezi ana njia ya kupata hela hata kama ni ndogo. Muage mlezi vizuri, mwambie lini utapita tena kusalimia, waambie mtendaji na ustawi kwamba nyumba 7 imefungwa na kwa nini. Shida ikirudi fungua tena, namba ile ile, daftari lile lile, uanze na swali la mtoto amepanda mzani lini.